Mama Kipenga, Aliyekaa Kando ya Maikrofoni

Ndugu waombolezaji, familia inaomba jambo moja kabla ya yote: anayetaka kucheka wakati wasifu huu unasomwa, acheke. Dada yetu alihudhuria mazishi mengi katika maisha yake, na kila akirudi nyumbani alikuwa na lalamiko lile lile, kwamba kumbe wanaokufa wote ni malaika. Hakuna aliyewahi kununa, hakuna aliyewahi kuunguza chakula, hakuna aliyewahi kumfokea mtu. "Mimi siku yangu ikifika useme nilivyokuwa," alimwambia mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea hapa. "Ukinipamba nitaamka." Mtu aliyeonywa hivyo hana budi kusema kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa fundi katika karakana ya vichwa vya treni, na mama alikuwa akishona nguo barazani kwa cherehani ya mkono. Nyuma ya nyumba zile kulikuwa na uwanja wa mpira wa timu ya Reli, uwanja ambao nyasi ziliota pembeni tu, kwa sababu katikati zilikuwa hazipewi nafasi ya kupumua. Baba aliipenda Reli kuliko alivyotupenda baadhi yetu. Lakini vichwa vya treni havijui Jumamosi, na mara nyingi timu ikicheza yeye yuko chini ya mtambo, mafuta mpaka kwenye nyusi.

Basi kazi ya kumsimulia ikamwangukia binti yake huyu, mtoto wa tatu. Kaka zake nao walikuwa uwanjani, lakini wao wakiulizwa walisema "tumeshinda" au "tumefungwa" kisha wakauliza chakula kiko wapi. Yeye alisimama mlangoni ameshika taulo ya baba, na baba akinawa alisema, "Usiniambie matokeo. Anza mwanzo. Mpira ulianza kwa nani?" Akikosea akataja goli kabla ya wakati wake, baba alinuna, akaingia ndani. Kwa hiyo mtoto yule alijifunza mapema kuuweka mchezo mzima kichwani na kuutoa kidogo kidogo, kwa zamu yake, bila kumwaga. Mama alikuwa akisema kutoka barazani, "Huyu mtoto mdomo wake utamlisha." Mama alisema kweli, ila hakujua ungechukua muda gani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho; alisema katikati ndiko kwenye kivuli. Hesabu zilimsumbua. Ila mwalimu mkuu alipotaka tangazo lisikike mpaka mstari wa nyuma, hakumwita kiranja, alimwita yeye. Mwaka 1976 alisomea upigaji chapa, na kwa sababu alikuwa na haraka na maisha, alifaulu kabla ya wenzake na kuanza kuwasaidia.

Mwezi Februari 1977 aliingia kwenye jengo la kituo chetu cha redio, lile lenye ngazi za pembeni na mlango wa bati la kijani. Alikwenda akitaka utangazaji. Wakampa taarifa ya habari aisome, na meneja wa siku zile akamsikiliza amefumba macho mpaka mwisho. Alipoyafumbua alisema, "Sauti yako nzuri sana, binti. Ya kupokelea simu." Wakamweka mapokezi. Alirudi nyumbani jioni hiyo, akamweleza baba habari hizo kwa mpango, mwanzo mpaka mwisho, bila kulia. Baba akamuuliza, "Sasa wewe umesemaje?" Akajibu, "Nimesema asante. Nitakaa karibu na mlango. Siku ukifunguliwa, mimi niko hapo."

Akakaa karibu na mlango. Alipokea simu, alichambua kadi za salamu, alizipanga kwa vipindi, akazifunga kwa mpira. Kulikuwa na wasikilizaji waliopiga simu kuuliza saa, na saa wanayo mkononi. Walitaka tu kumsikia. Lakini hewani hakuingia.

Mwaka 1979 kituo kikaajiri kijana aliyekuwa akipita mitaani juu ya gari la matangazo, na kipaza sauti mdomoni. Alikuwa mwembamba, suruali imeshikwa na mkanda kwa shida, lakini akifungua kinywa vioo vinaitikia. Wakamwita Ngurumo, na hilo ndilo jina ambalo wengi wenu hapa mnalijua; lile la kwenye cheti tumwachie mwenyewe. Akapewa mpira wa Jumamosi. Katika mwaka mmoja tu, watu waliokwenda kutazama mpira wakawa wanabeba redio zao mpaka uwanjani, kwa sababu mchezo wa Ngurumo ulikuwa mzuri kuliko ule waliokuwa wakiutazama.

Alimtongoza dada yetu kwa kadi ya salamu. Aliitumbukiza katika sanduku kama msikilizaji yeyote, ikiomba wimbo kwa ajili ya "yule anayeisoma kadi hii kwanza." Dada aliisoma, akaichana. Ngurumo alipokuja mezani kuulizia, akaambiwa, "Hukujaza jina la mtumaji."

"Jamani! Kwani hunijui?"

"Mimi nakujua. Kadi haikujui. Kajaze nyingine."

Akajaza nyingine. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1981, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi bwana harusi hakutangaza mpira. Baba yetu alitoa nasaha ndefu, ila waliokaa karibu naye wanasema alikuwa na redio ndogo mfukoni, waya umepita ndani ya koti. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mwaka 1983, wa kike mwaka 1986, na kitinda mimba wa kiume mwaka 1990. Kituo kiliwapa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mnara, na humo wakaanza maisha.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilikaa kimya kwa miaka, na leo hatukai tena. Mwaka 1985 Ngurumo alianza kugonga milango. Akamwaga chai. Akampita mama mkwe wake barabarani bila kumwamkia, jambo ambalo lilileta kikao. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakitarudi, na kilichobaki nacho kinaaga. Waliporudi nyumbani mume alikaa kitandani na viatu vyake. Mtangazaji wa mpira asiyeuona mpira atatangaza nini? Na nyumba ile ni ya kituo. Kazi ikiondoka, na paa linaondoka.

Dada akamwambia, "Jumamosi nakuja na wewe uwanjani."

"Uje kufanya nini?"

"Kukusimulia. Nimeanza kazi hiyo wewe hujanyoa ndevu."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi alikaa kando ya mumewe kwenye meza ya utangazaji, iliyoazimwa kutoka shuleni, chini ya mwavuli uliofungwa kwa kamba kwenye kiti, akimnong'oneza sikioni: nani ana mpira, anakwenda upande gani, nani kaanguka na kama kaanguka kweli. Ngurumo aliupokea mnong'ono ule na kuutoa upande wa pili ukiwa radi. Alikuwa akiambiwa "namba saba kampita beki," na wewe nyumbani unasikia namba saba amempita beki kama mtu anayempita mdeni wake sokoni. Hapo kwa Ngurumo hakuna wa kumwiga. Lakini goli halingoji mnong'ono. Kwa hiyo walikubaliana ishara: mpira ukiingia wavuni, mke anamkamata mume goti na kulibana. Goti likibanwa, Ngurumo ananguruma. Kwa miaka minane goti lile halikudanganya hata mara moja.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa alikuwa fundi mitambo, mtu mmoja mkimya aliyevaa waya shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Aliona yote na hakusema lolote. Wengine waliona mwanamke ambaye hampi mumewe nafasi ya kupumua. Walisema ana wivu. Walisema amemfuata mpaka uwanjani asije akatazama mashabiki wa kike, na wao hawakujua kwamba mwenzao hawezi kutazama hata mbuzi. Wakampachika jina: Kupe. Alikuwa akipita sokoni watoto wanaimba, "Kupe, Kupe, kaachia ng'ombe leo!" Alinunua nyanya zake akaenda. Nyumbani alikuwa akilia, ndiyo, tusimpambe. Alilia jikoni, kisha alitoka na sufuria akiwa amenuna, na siku hiyo kila mtu alimaliza chakula bila kuulizwa. Kilichomuuma si jina. Kilichomuuma ni kwamba maneno yale ya mpira wa Jumamosi yalikuwa yake, mji mzima ukiyarudia mitaani, na yeye akiyasikia kwa watu kama mgeni.

Jumamosi ya tarehe 24 Septemba 1994 ilikuwa fainali ya kombe la wilaya, Reli na timu ya Sokoni. Reli hawakuwahi kufika fainali tangu dunia iumbwe. Baba yetu, mstaafu sasa, alikaa mstari wa mbele na fimbo yake, amevaa fulana ya bluu juu ya shati. Mchezo ulikwenda mpaka dakika za mwisho hakuna aliyeona wavu. Ndipo mshambuliaji wa Reli, yule waliyemwita Kijiko kwa sababu ya mguu wake, akauchota mpira juu ya kipa, na mpira ukaenda, ukaenda, ukawa unashuka pale pale panapotakiwa.

Jamani, dada yetu alikuwa mtoto wa karakana. Alikuwa na baba yake mbele yake, mzee amekwisha kusimama. Alisahau mkono wake uko wapi. Alilikamata goti la mumewe akalibana kwa nguvu zake zote.

Mpira ukagonga mwamba. Ukarudi ndani, kipa akaulalia.

Na Ngurumo alikuwa ameshanguruma.

Wazee wa nyumba za reli wanaisimulia siku ile mpaka leo. Mji wote upande wa bluu ulitoka nje. Sufuria zilipigwa. Kuna bwana mmoja, na yupo hapa leo tena amekaa mstari wa tatu, alimkumbatia mama mkwe wake na kumwinua juu, jambo ambalo wao wawili hawajalizungumza tena. Wakati huo uwanjani mchezo unaendelea, na waliobeba redio wanaangaliana, wanaangalia uwanja, wanaangalia redio.

"Si goli," dada alinong'ona. "Si goli. Mwamba. Nimekosea."

Ngurumo alifunika maikrofoni kwa kiganja. Aliwaza haraka, kwa maana mtu akiwa anazama hashiki tawi kwa kuchagua. "Nitasema refa amekataa," alimwambia.

Lingepita, hilo. Nani angejua? Lakini refa alikuwa mwalimu wa watu, mwenye watoto, na nyumba yake ilikuwa huko huko kwenye nyumba za reli, ambako muda ule watu walikuwa wanacheza barabarani. Wakiambiwa kwamba refa amelikataa goli lao la kwanza la fainali, yule mwalimu angelala wapi? Fundi mitambo ndiye aliyetuhadithia yaliyofuata, kwa sababu dada mwenyewe hakupenda kuyasema. Alitoa vidole vya mumewe kwenye maikrofoni, kimoja kimoja, bila kumkwaruza. Akaisogeza kwake. Na mtu aliyekuwa amengoja karibu na mlango miaka kumi na saba, mlango ulipofunguka, maneno yake ya kwanza hewani yalikuwa haya:

"Wasikilizaji, hakuna goli. Mpira umegonga mwamba. Refa hana kosa, Ngurumo hana kosa. Mume wangu haoni, mimi ndiye humwambia, na mimi nimemwambia vibaya kwa sababu nilitaka liwe goli. Mpira sasa uko kwa Sokoni, wanapanda nao kushoto."

Hakuirudisha maikrofoni. Isingewezekana, Ngurumo alikuwa ameinamia meza, mikono kichwani. Kwa hiyo alitangaza yeye dakika zilizobaki, na katika dakika hizo Sokoni walipanda kushoto, wakapiga krosi, wakafunga. Goli la kwanza kulitangaza kwa kinywa chake katika maisha yake likawa la Sokoni, dhidi ya timu ya baba yake, na baba yake amekaa pale anaangalia. Sauti ilikatika katikati ya neno, lakini alilimaliza.

Nyumbani palikuwa moto. Ngurumo hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana, ila alikuwa na kiburi chake, na siku ile kilivuliwa hadharani. "Umenivua nguo mbele ya mji mzima," alimwambia.

"Nimekufunika miaka minane," dada akamjibu. "Mkono umechoka."

"Ungeniachia mimi niseme."

"Ungesema nini? Ungesema refa. Halafu wangempiga mwalimu wa watoto wako, na mimi Jumamosi ijayo nije nikunong'oneze tena kama vile hakuna kitu? Mimi ni mkeo, baba watoto. Sikukubali kuwa mwongo wako."

Ngurumo alikwenda kulala chumba cha watoto. Sisi ndugu zake tulidhani ndoa imekwisha, na wengine wetu walikwisha kugawana maneno ya kusema kwenye kikao. Meneja naye, si yule wa zamani, mwingine, aliwaita Jumatatu, akasema kituo hakiwezi kuwa na mtangazaji kipofu, wala hakijaajiri mtu wa mapokezi atangaze mpira. Waondoke hewani, na suala la nyumba litaangaliwa baadaye. Dada alisikiliza yote, kisha akauliza, "Tangu mwaka themanini na sita mpaka juzi, mlikuwa na lalamiko gani?" Meneja akasema hilo silo swali. Dada akasema yeye analiona kama swali.

Jumamosi zikafuata ambazo redio ilipiga muziki wakati wa mpira. Ngurumo alikaa chumbani, akiulizwa anajibu "mm." Dada alirudi mapokezi, akapokea simu, na simu zote zilikuwa zinauliza jambo moja. Tulidhani watakaomtetea ni watu wa Reli. Wapi! Watu wa Reli walikuwa wamemnunia. Kuna jirani alihamisha hata kamba ya kuanikia nguo. Waliopanda zile ngazi za pembeni siku moja asubuhi walikuwa mashabiki wa Sokoni, na fulana zao za njano, na kiongozi wao mchinja nyama mwenye shingo kama gogo. Aliegemea meza ya meneja akasema, "Mzee, sisi tumekuja kumwombea yule mama. Mtu anayekanusha goli la timu yake mwenyewe, huyo ndiye wa kutangaza mpira. Mwingine utampata wapi?"

Meneja alilitafakari hilo. Akawarudisha wote wawili, kwa majaribio, akasema, na majaribio hayo yakaendelea mpaka alipostaafu yeye.

Lakini kurudi kwenye meza ile kulihitaji kwanza Ngurumo akubali. Hatukuwepo chumbani, kwa hiyo tunasema tulichoambiwa: alitoka chumba cha watoto Ijumaa jioni, akapapasa mpaka jikoni, akasema, "Kesho utasema kwa sauti. Mimi nimechoka kunong'onezwa kama mwizi." Dada akamwambia asogee, amesimama kwenye mafuta. Na hivyo ndivyo walivyopatana.

Tangu hapo walikuwa wawili hewani. Yeye alisema kinachotokea, na Ngurumo alisema maana yake: historia ya beki, ukoo wa kipa, mara ya mwisho mvua kunyesha namna ile. Waligombana hewani, na watu walipenda zaidi. "Mke wangu, umesema kona au umesema gonga?" "Nimesema nyamaza kidogo, kuna hatari hapa." Kupe alikufa, akazaliwa Mama Kipenga, jina alilopewa na waamuzi wenyewe, kwa sababu akisema ni faulo, ni faulo. Hakupendelea. Reli wakicheza vibaya aliwasema mpaka baba alizima redio, akaiwasha tena. Wasichana waliokuja kituoni kutaka utangazaji hawakupelekwa mapokezi tena, alikuwa akiwashika mkono na kuwapeleka mwenyewe mpaka mlango wa studio, na meneja akiuliza huyu nani, anajibu, "Msikilize ukiwa umefumbua macho." Watatu kati yao ni watangazaji leo, na wako hapa.

Tusimpambe. Alikuwa na hasira za karibu. Alikuwa hasikii ushauri wa dawa. Aliwahi kukaa mwaka mzima bila kusema na mmoja wetu kwa ajili ya cherehani ya mama, na alipokuja kusamehe hakusema amesamehe, alileta tu nguo ya kupunguzwa kwa cherehani hiyo hiyo. Walistaafu rasmi yeye na mumewe mwaka 2015, ila Jumamosi ziliendelea kuwa zao, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwaambia waache.

Mwishoni mwa mwaka 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi. Madaktari walisema moyo umepanuka. "Ulikuwa haunitoshi," alisema. Alilazwa mara mbili mwaka uliofuata. Kufikia Mei mwaka huu wa 2023 hakuweza tena kufika uwanjani, na Ngurumo naye akagoma kwenda. Alikaa kando ya kitanda, amemshika mkono, akisema mpira na uchezwe bila yeye, umewahi kuchezwa kabla hajazaliwa.

Wiki iliyopita, Alhamisi, dada akamwambia, "Jumamosi ni fainali. Nenda ukatangaze."

"Na nani?"

"Na binti yako."

"Yule? Yule mshona mapazia? Hajui hata mpira ni wa duara!"

"Atakwambia anachokiona. Utajua mwenyewe." Akapumua kidogo, maana siku hizo maneno yalikuwa yanamgharimu. "Nenda, mume wangu. Mimi sijawahi kukusikia redioni."

Lilikuwa jambo la kweli na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria. Mji mzima ulimsikia Ngurumo, wauza duka, wafungwa, madereva, wagonjwa hospitalini. Mkewe miaka ya kwanza Jumamosi zilimkuta mapokezi, simu sikioni, na baadaye alikuwa kando yake siku zote, akimtazamia mpira, na sauti ile kama inavyotoka kwenye redio, ndani ya nyumba ya mtu, hakuwahi kuipata hata Jumamosi moja. Ngurumo akaomba aletewe koti lake lipigwe pasi.

Jumamosi ya tarehe 15 Julai tulimwinua dada kwa mito mitatu, tukaweka redio kwenye kiti karibu na uso wake. Na ndugu zangu, mchezo ule haujawahi kutangazwa namna ile. Binti hakunong'ona, kunong'ona hakujui. Tulisikia kila kitu. "Baba, yule mnene kamvuta yule wa soksi ndefu." Na hapo hapo radi: "Amevutwa! Amevutwa mchana kweupe, kama shuka linalogombewa na wake wenza!" "Baba, wamesimama wote, sijui kwa nini." "Wasikilizaji, mchezo umesimama, na sababu yake ataijua Mungu na refa!" Dada alicheka mpaka tukaogopa. Mkwe wake akataka kuizima redio apumzike. Akasema, "Hebu mwacheni amalize."

Kipindi cha pili alifumba macho, na alivyokuwa ametulia, mdogo wake aliyekaa naye aliinama kuangalia kama anapumua. Alikuwa anapumua. Midomo ilikuwa inatembea. Alisema, si kwa yeyote, "Kumbe ndivyo anavyosikika. Kumbe watu hawakuwa wajinga."

Ngurumo alirudi jioni na koti limejaa vumbi, akapapasa mpaka kitandani. Hakuuliza kama alikuwa mzuri. Alisimama tu pale, kama kijana aliyeleta kadi mapokezi. Dada akamwambia, "Goli la pili umeliwahisha. Mpira ulikuwa bado kwa beki."

"Umejuaje? Hukuwepo."

"Niliona," akasema. "Ulinionyesha wewe."

Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho marefu. Alifariki dunia Jumatatu ya tarehe 17 Julai 2023, alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na ndiye aliyejua wa kwanza.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, ndugu wawili akiwemo anayesoma hapa, na wasikilizaji ambao familia haiwezi kuwahesabu. Tunamshukuru fundi mitambo, aliyekuja na kusimama nje bila kusema neno, kama kawaida yake. Tunawashukuru wa njano na wa bluu, waliochimba kaburi hili pamoja.

Asubuhi ya leo, tulipokuwa tunajiandaa kutoka, binti alimwambia baba yake asiwe na wasiwasi, atakaa naye karibu na kumwelezea kila kinachofanyika mpaka mwisho. Ngurumo akamshika bega. "Leo usinielezee, mwanangu," akasema. "Miaka yote nilikuwa naona kwa macho yake. Hili sitaki kuliona kwa macho ya mtu mwingine."

Kwa hiyo tunanyamaza hapa, kwa heshima yake na ya mkewe. Dada, kazi umeifanya. Mungu akupokee kwa upole, na amani ikae nawe.